Samaki, chapati na kiporo kwenye kikaango cha chuma: jibu kwa msomaji wa Kisumu

Swali: "Mwalimu, pokea salamu kutoka Nyalenda. Nilinunua sokoni Kibuye kikaango kizito cheusi cha chuma, kikiwa na kutu kidogo ukingoni. Nilipokaanga samaki aina ya ngege (tilapia), ngozi yote ilibaki chini. Chapati nilizopika juu ya meko ya gesi ziliungua katikati, pembeni zikabaki mbichi, tena watoto wakasema zinanuka samaki. Mchuzi wa nyanya nao ulitoka mweusi wenye ladha ya msumari. Mama mkwe wangu anasema nikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu nirudie sufuria zangu. Je, kikaango hiki kinafaa chakula chetu cha kila siku? Na ladha hiyo ya chuma ina madhara kwa watoto?"

Jibu: Dada yangu, usikiuze. Kuungua kwa chapati na kushika kwa samaki kuna chanzo kimoja kikubwa, nacho ni namna moto ulivyotumika kabla ya chakula kuwekwa. Mchuzi mweusi ni suala tofauti, la chombo kupewa kazi isiyo yake. Mama mkwe wako naye hajakosea kabisa, na nitaonyesha mahali ambapo niko upande wake.

Kwanza hakikisha kwamba ulichonunua ni chuma kweli. Mafundi wetu wa jua kali huyeyusha alumini chakavu na kuimimina katika kalibu za mchanga, na vyombo vinavyotoka humo huwa vinene, na baada ya miezi michache juu ya makaa hugeuka vyeusi kiasi cha kumdanganya mnunuzi. Chukua sumaku, hata ile inayotolewa katika spika ya redio mbovu, uigusishe chini ya kikaango. Ikinasa, ni chuma. Ikianguka, ni alumini. Sisemi haya kwa sababu ya bei. Utafiti uliofanywa kuhusu sufuria za alumini chakavu nchini Kamerun na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba nyingi zilitoa madini ya risasi zilipochemshiwa asidi nyepesi inayofanana na chakula kichachu, na risasi haina kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Uzito nao utakusaidia, kwa kuwa kikaango cha chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, chenye upana wa inchi 10 huwa na kilo 2 au zaidi, na mkono wake mara nyingi umesubiwa pamoja nacho. Nitaendelea nikichukulia kwamba sumaku yako imenasa.

Chuma cha kusubu kina tabia mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Hakisambazi joto vizuri, kwani alumini hulisambaza takriban mara nne zaidi. Lakini kwa sababu ya uzito wake hubeba joto jingi, na kikishalipata hakiliachii upesi. Kichomeo cha meko ni kidogo, na mwali wake unapiga mahali pamoja tu. Ukiweka chapati baada ya dakika mbili, katikati ya kikaango pamekwisha kuwa moto wa kuunguza huku pembeni pakiwa bado vuguvugu, nawe utakuwa umepika chapati juu ya vyombo viwili tofauti kwa wakati mmoja. Sufuria ya alumini ingekusamehe haraka hiyo, lakini chuma hakikusamehe.

Jambo la pili linahusu maji. Kisumu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hapa Nakuru, tulio juu zaidi, kwenye nyuzi 94, na hakuna chombo kisichobana mvuke kinachoweza kuyapandisha kupita hapo. Kwa hiyo nyoyo (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja), maharagwe, uji na wali havipati faida yoyote ya maana kwa kupikwa ndani ya chuma. Vinakula makaa mengi zaidi bure, kwa sababu chombo chenyewe lazima kipashwe moto kabla ya kilichomo. Chuma hulipa gharama yake pale tu chakula kinapohitaji joto linalopita la maji kwa mbali, kuanzia nyuzi 150 hivi, ambako ndiko rangi ya kahawia, ukavu wa nje na harufu ya kukaanga huzaliwa. Ukitaka kujua kama chakula fulani ni cha kikaango hiki, jiulize kama unataka kiwe na maji au kiwe na rangi.

Hapa ndipo ninapomuunga mkono mama mkwe wako kuhusu ugali. Ugali wa mahindi, na hata ule wa wimbi na muhogo unaopendwa Busia na Siaya, huanza kwa maji yanayochemka na huhitaji mpishi apunguze moto ghafla wakati unga umeshika. Alumini nyepesi hutii mara moja. Chuma huendelea kusukuma joto ukoko ukizidi kunenepa, na mwiko unaosonga kwa nguvu hukwangua utando wa mafuta ambao umehangaika kuujenga. Uache ugali katika sufuria yake. Mrenda, ile mboga ya majani yenye utelezi, pia uache nje, hasa ukipikwa kwa magadi au kwa maji ya jivu la kienyeji, maana magadi na jivu hula utando huo polepole.

Sasa tukikarabati. Kutu kidogo si hoja ya kukitupa chombo. Sugua kwa waya wa sufuria na maji ya moto yenye sabuni mpaka maji yanayotoka yasiwe mekundu, kisha kikaushe papo hapo juu ya moto, si kwa kukianika. Kikiwa bado na uvuguvugu, kipake mafuta ya uto ya alizeti, ya soya au ya mahindi, ndani, nje na mkononi, halafu chukua kitambaa kikavu uyafute kana kwamba umejuta kuyapaka. Kinachobaki ndicho kinachotakiwa. Mafuta hayo yakipata joto kali hubadilika, chembe zake hushikana zenyewe kwa zenyewe na pia na chuma, zikawa utando mgumu usiooshwa kwa maji. Yakiachwa mengi hayafiki hapo. Hubaki yakinatanata, na chakula kitashika zaidi ya mwanzo. Mafuta ya kuganda ya kopo hayafai sana kwa kazi hii, kwa kuwa aina ya mafuta iliyomo ndani yake haishikani kwa urahisi, ingawa kwa kukaangia hayana tatizo.

Mwenye ovini atakigeuza kifudifudi kwenye nyuzi 230 hadi 250 kwa saa moja na kukiacha kipoe humo humo. Nyumba nyingi hazina ovini, na kwa kazi hii meko hayafai kwa sababu ile ile niliyoitaja. Tumia jiko la makaa lenye udongo ndani, makaa yakiwa yamekwisha kuwaka yote na moshi wake umeisha. Kiinamishe kikaango juu yake kifudifudi, ukikizungusha kila baada ya dakika kadhaa ili ukingo nao upate moto, mpaka kiache kutoa moshi. Fanya kazi hii nje. Rudia mara tatu au nne, kila mara kwa mafuta machache yale yale, na rangi itatoka ya kijivu ikaelekea weusi wa kung'aa kidogo. Usisubiri kiwe laini kama kioo ndipo uanze kupika, kwa kuwa kazi iliyobaki itamalizwa na mapishi yenyewe, na ndiyo maana ningekushauri wiki za kwanza uwe mkaangaji wa viazi kuliko kitu kingine chochote. Viazi vya Molo au vya Njoro, vilivyochemshwa na maganda, vikapozwa kabisa, vikakatwa vipande na kukaangwa polepole kwa mafuta ya kutosha, hulisha watu na kujenga utando kwa wakati mmoja.

Tuje kwa ngege, ambaye naona ndiye aliyekuvunja moyo. Samaki hushika kwa sababu protini za ngozi yake, zikikutana na chuma kabla ya joto kutosha, hufungamana nacho. Kikaango kikiwa na moto unaofaa, ngozi hukauka na kuwa ganda kabla ya mafungamano hayo kukomaa, na ganda hilo likishakamilika hujibandua lenyewe. Adui wako mkubwa ni maji yaliyo juu ya ngozi. Maji yanapogeuka mvuke hunyonya joto jingi kuliko tunavyodhani, na samaki aliyetolewa karaini akidondosha maji hukipoza hata kikaango cha kilo 2. Basi mchanje ubavuni, mpake chumvi, mwache nusu saa akitoa maji, kisha mpanguse kwa kitambaa safi ndani ya mikato, tumboni na chini ya mapezi. Kumpaka unga mwembamba wa ngano au wa mahindi ni msaada, si lazima. Unga mwingi huanguka chini na kuungua kabla ya samaki wa pili hajaingia.

Wakati samaki anatoa maji, kikaango kiwe juu ya moto wa wastani, kikavu, kwa dakika nane au kumi. Nyunyiza matone mawili ya maji. Yakichemka palepale na kukauka, ongeza muda. Yakijikusanya kuwa shanga na kukimbiakimbia, moto umefika. Yapanguse, tia mafuta kiasi cha kufunika chini yote kwa kina cha ncha ya kidole, yaache yapate moto mpaka ncha ya mwiko mkavu wa mbao ikizamishwa itoe mapovu madogo, ndipo umlaze samaki, kichwa chake kikielekea upande usio na moto mkali. Baada ya hapo mwache kabisa. Naona wapishi wengi wanaoharibu samaki wanamharibu kwa mwiko, kwa kumchungulia kila dakika moja ilhali ganda halijakomaa. Msukume kidogo kwa ukingo wa mwiko baada ya dakika tano au sita: akiteleza, mgeuze, akigoma, hajawa tayari, na kumlazimisha ndiko kunakobakiza ngozi chini. Vipande vya mbuta (sangara) ni vinene zaidi na vina mafuta yake, kwa hiyo vipe moto mdogo na muda mrefu. Samaki wa pili asiingie kabla mafuta hayajarudia moto wake wa kwanza, na wawili wasibanane, maana mvuke wa mmoja humlowesha mwenzake.

Omena, yaani dagaa wa ziwani, ni habari nyepesi, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaidi chuma kuliko vyakula vyote vya ziwa. Baada ya kuiosha kwa maji ya moto na kuichuja, itie kikaangoni bila mafuta na kuigeuzageuza kwa moto mdogo mpaka isikike ikikwaruza. Joto lililotulia la chuma huikausha bila kuiunguza upande mmoja, na uchungu hupungua. Mafuta na vitunguu vifuate baadaye.

Kuhusu mchuzi wa nyanya: nyanya ina asidi, na asidi huyeyusha utando mchanga na kuchota chuma kilicho chini yake. Weusi na ladha ya msumari ulivyoviona ni madini hayo. Kwa nyumba inayopenda samaki wa mchuzi, njia yangu ni kugawa kazi. Kaanga samaki ndani ya chuma, mtoe, kaanga vitunguu katika mafuta yale yale ili vibebe ladha iliyobaki chini, kisha hamishia vyote kwenye sufuria nyingine ambamo nyanya, dania na maji vitamalizia, samaki akirudishwa mwishoni. Ndimu ikamuliwe sahanini. Kikaango chako kikishapata miezi kadhaa ya kukaanga kitavumilia nyanya mbili zinazoiva kwa dakika chache, lakini hakitavumilia mchuzi wa saa nzima, wala chakula cha usiku kulazwa humo mpaka asubuhi.

Umeuliza kama madini hayo yana madhara. Kwa mtoto mwenye afya ya kawaida, hapana. Huenda hata yakamfaa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulipima mchuzi wa nyanya ukakuta madini ya chuma yamepanda kutoka chini ya miligramu 1 hadi zaidi ya 5 katika kila gramu 100 baada ya kupikwa ndani ya chombo cha chuma. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha matokeo kutoka Ethiopia, ambako watoto waliopikiwa kwa vyungu vya chuma kwa mwaka mmoja walionekana kuwa na damu nzuri zaidi kuliko wenzao waliopikiwa kwa alumini. Hata hivyo chombo si dawa, na mtoto anayeonekana kupungukiwa damu apelekwe kituo cha afya. Kuna hadhari moja ambayo katika kaunti za ziwa siwezi kuiruka: mtu mwenye selimundu (ugonjwa wa damu uitwao pia sickle cell) ambaye ameongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi mwilini, na kwake ni afadhali kumuuliza daktari kabla ya kuanza kula kila siku kutoka kwenye chombo kama hiki.

Chapati zinahitaji subira ile ile ya mwanzo, lakini zina mtego wao. Pasha kikaango polepole kwa dakika kumi, moto ukiwa mdogo, na kama ni meko, kisogeze robo mzunguko na kidogo kando ya mwali kila baada ya dakika mbili, ili kila pande ipate zamu yake. Makaa yaliyotandazwa vizuri hukuondolea kazi hiyo, na kama una nafasi ya kuchagua, chapati zipikie makaa. Donge liwe laini na lipumzike nusu saa, maana donge gumu hulazimisha mpishi aongeze muda na muda huo ndio unaokausha chapati. Weka chapati bila mafuta, igeuze uso wake unapobadilika rangi na kuanza vipovu, pake mafuta upande wa juu, geuza, pake upande wa pili, kandamiza kingo kwa mwiko.

Mtego uko katikati ya chapati moja na nyingine. Unaposukuma ya tatu, kikaango kitupu kinaendelea kukusanya joto, na kwa kuwa hakiliachii, chapati hiyo itatua juu ya moto ambao hukuukusudia. Wapishi husema gesi ni kali, wakati gesi haijabadilika. Ama sukuma chapati zote kabla ya kuanza, uzipange zikiwa zimepakwa unga kidogo, ama kiondoe kikaango motoni kila unapokishika kibao. Unga unaobaki chini ufutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kila chapati mbili, kwani ndio unaoungua na kuacha madoa machungu.

Kuna chakula kimoja ambacho hukukiuliza nami siwezi kukinyamazia, nacho ni kiporo cha ugali. Ugali uliolala hukaza, ukakatika vipande vyenye unene wa kidole bila kumeguka, na vipande hivyo vikilazwa juu ya chuma chenye moto na mafuta kijiko kimoja, bila kuguswa kwa dakika nne kila upande, hupata ganda la dhahabu ambalo sufuria nyembamba haiwezi kulitoa bila kuunguza. Kwa chai ya asubuhi sijaona mkate unaoushinda. Kuku wa kienyeji naye, yule ingokho wa majirani zako wa Vihiga na Kakamega, akishachemshwa akalainika, hukaushwa vipande vyake humo humo kabla ya kurudi kwenye supu.

Kilichobaki ni usafi, na hapa nakuomba uzungumze na wote wanaoosha vyombo nyumbani. Kwetu sufuria isiyong'aa ni aibu, na mtoto aliyelelewa vizuri atakipeleka kikaango chako uani akisugue kwa jivu, mchanga na waya mpaka kiwe cheupe, akidhani amekusaidia. Atakuwa amerudisha kazi yako mwanzo. Kikiwa bado na uvuguvugu, kipanguse mafuta, tia maji ya moto na sabuni ya maji kidogo, sugua kwa sponji au brashi laini, suuza, kirudishe motoni dakika mbili kikauke kabisa, kisha kipake mafuta tone moja na kuyafuta. Kisilale majini, na kisianikwe kichanjani na vyombo vingine usiku, hasa msimu wa mvua. Wala usimwagie maji baridi kikaango kilichotoka motoni au kukiangusha kwenye sakafu ya saruji, kwa maana chuma cha kusubu hupasuka, na ufa wake si rahisi kuungwa na fundi wa kawaida wa kuchomelea.

Harufu ya samaki iliyowakera watoto inatokana na mafuta ya samaki yaliyobaki bila kugeuka utando. Tandaza chumvi ya mawe kiganja kimoja, pasha kikavu mpaka moshi wa kwanza uonekane, koroga kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mwiko, mwaga chumvi hiyo, kisha osha kama nilivyoeleza. Ukiweza baadaye, tafuta tawa bapa la chuma liwe la chapati peke yake, na kikaango hiki chenye kina kiwe cha samaki na viazi. Mpaka hapo, siku ya kupika vyote viwili anza na chapati, samaki aje mwisho.